Uzi wa Sweta Ulivyomgharimu Ndege Wetu Kidole

Kuna makosa ambayo mzazi huyafanya kwa mapenzi, akaja kuyajutia baadaye. Langu nililifanya nyumbani kwetu mjini Embu, na aliyelilipia ni ndege asiyefikisha uzito wa gramu 40.

Ndege mwenyewe ni bajerigari, yule kasuku mdogo wa kijani na manjano ambaye asili yake ni Australia. Binti yangu alipewa na jirani aliyekuwa akihama. Haikupita miezi miwili tukaona ndege ameanza kujinyonyoa manyoya ya kifuani. Tukaambiwa ni upweke, tumtafutie kitu cha kuchezea. Na kweli, ndege wa jamii hii akiwa porini hushinda akitafuta chakula na kutafuna. Ukimfungia bila kazi, atajitafutia kazi mwilini mwake.

Likizo ya Desemba tulipokwenda Nkubu, Meru, kumjulia hali nyanya yake, binti alirudi na furushi la uzi wa kufuma sweta. Akatengeneza mpira wa nyuzi nyekundu na za manjano, akauning'iniza tunduni kwa kipande cha seng'enge, kisha akaweka kioo kidogo kando yake. Nilimsifu sana. Kwa macho yangu, tundu lilipendeza kama nyumba ya arusi.

Asubuhi ya tatu tulimkuta ndege amesimama kwa mguu mmoja. Wa pili ulikuwa umevimba, na kidole kimoja kimekuwa cheusi. Uzi mwembamba ulikuwa umejizungusha hapo ukazuia damu. Daktari wa mifugo, mzee aliyezoea ng'ombe wa maziwa, aliukata taratibu, lakini kidole kilikuwa kimekwisha kufa. Ikabidi akiondoe. Njiani binti aliniuliza, "Mama, si ulisema ni kizuri?" Sikuwa na jibu.

Kabla hatujaondoka daktari alikuwa ameniambia, "Mama, kichezeo cha ndege usikitazame kwa macho yako. Kitazame kwa mdomo wake na kucha zake."

Tangu siku hiyo ndivyo tufanyavyo. Nyuzi zinazochambuka hatuziweki kabisa. Kamba ya katani tunaikata fupi, na ikianza kufumuka tunaitupa. Seng'enge tuliiondoa, kwa maana mng'aro wake ni zinki, na zinki ni sumu kwa ndege kama ilivyo risasi. Ndege aliyeila hulegea, hunywa maji kupita kiasi na kuharisha, na huweza kufa. Tundu lenyewe likiwa la seng'enge mpya, lisugue kwa siki, ulisuuze vizuri na kulikausha kabla ya kumtia ndege. Kioo nacho tulikitoa, kwani ndege aliye peke yake hudhani ni mwenzake, akashinda akikicheulia chakula. Pete au tundu lolote ambalo kichwa chake kingeweza kupenya na kunasa, pia hapana.

Basi tumpe nini? Wazazi wenzangu wa Embu na Meru, hatuna haja ya kwenda dukani. Tawi la mpera lililooshwa na kukaushwa linamfaa, atalibambua gamba siku nzima. Kipande cha mwanzi kinafaa. Gunzi la mahindi pia linafaa, mradi liwe kavu lisilo na kuvu. Tukumbuke kwamba mwaka 2004 sumu ya aflatoxini, itokanayo na kuvu, iliua watu 125 mashariki mwa Kenya, sembuse ndege.

Lakini si kila mti wa shambani ni salama. Tawi la mbuni ulionyunyiziwa dawa liache huko huko. Avokado, iwe tunda, jani au tawi, ni sumu kwa ndege. Vijiti vya miraa navyo visikaribie tundu, hata kama watoto wataona ni mzaha.

Weka vichezeo viwili tu kwa wakati mmoja, uvibadilishe kila wiki asichoke navyo. Kila kipya kitie mchana, ukae umtazame saa chache za kwanza. Mimi kama ningalitazama, ningaliuona ule uzi.

Ndege wetu angali hai, mguu mmoja una vidole vitatu, na manyoya ya kifuani yameota tena. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Sisi tulidharau uzi, na mguu uliovimba haukuwa wetu.