Chokaa ya Edinburgh, Chokaa ya Lamu

Edinburgh, mtaa wa New Town. Nyumba hizi za mawe zinafuata ramani aliyoichora James Craig mwaka 1767, na watu bado wanaishi humo. Madirisha ni marefu, ya kusukuma juu na chini, yenye kioo kimoja chembamba. Weka kiganja pembeni mwa fremu, utahisi baridi ikipenya.

Mwenyeji wangu hakuyang'oa. Mtaa umo katika Urithi wa Dunia tangu 1995, na kibali cha kubadili sura ya nyumba hakipatikani kirahisi. Alimleta seremala akaziba nyufa za fremu, kisha akavifufua vibao vya kufungia dirisha kwa ndani, vilivyokuwa vimegandamana kwa rangi ya miaka mingi. Nimevipenda mno vibao hivi. Vipimo vilivyofanywa Uskoti vilionyesha kwamba vikifungwa, joto linalopotelea dirishani hupungua kwa takriban nusu. Darini ametandika sufu ya kondoo, milimita 270, unene unaopendekezwa Uingereza.

Kazi ngumu ilikuwa ukutani. Fundi wa zamani alijaza saruji katikati ya mawe, maji ya mvua yakaingia yasipate pa kutokea. Ukuta uliolowa hupoteza joto upesi kuliko mkavu, basi gesi ikawa inaunguzwa bure. Saruji imebanduliwa, chokaa imerudi.

Maradhi hayohayo nimeyaona Lamu, mji ulioingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Kule kuta ni za matumbawe na chokaa, nene karibu nusu mita. Vyumba ni vyembamba kwa kuwa boriti za mikoko haziwezi kuvuka nafasi pana, na kiwanda, ule ua wa katikati, huipandisha hewa ya moto hadi nje. Wenye nyumba wengine wamekifunika kiwanda kwa zege ili wapate chumba kimoja zaidi, wakapiga plasta ya saruji, chumvi ikachanua chini ya rangi. Joto likikosa njia, kinanunuliwa kiyoyozi, na bili ya umeme haishuki tena.

Dawa ya ukuta ni moja. Ya hewa ni mbili tofauti. Edinburgh inaziba nyufa ili joto libaki, japo hata huko jikoni na bafuni lazima mvuke uachiwe njia. Lamu ukiziba hivyo, umejipikia mwenyewe. Ningekuwa na nyumba kule, fedha za kiyoyozi ningempa kwanza fundi wa chokaa, kisha nikivunje kile kifuniko cha kiwanda.