Sumaku Iliyotulia Haizai Umeme

Wazazi wengi tunadhani kwamba mtoto anayeshindwa fizikia ni mvivu. Mimi nimeona vingine. Mwanafunzi aweza kukariri kanuni nzima bila ya kukosea neno, na bado akawa na picha isiyo sahihi kichwani, ambayo hakuna aliyepata kumwuliza habari zake.

Mpwa wangu ni mzaliwa wa delta ya Rufiji, naye yuko kidato cha nne katika Wilaya ya Kibiti. Tangu utoto hutaka kuwa fundi umeme. Likizo iliyopita nilipanda boti pale Nyamisati kwenda kuwajulia hali, nikamkuta dada yangu ana huzuni: binti amekata tamaa. "Mjomba," aliniambia mwenyewe, "somo hili si la watu wa visiwani." Kilichomshinda ni sura moja tu, ile ya jinsi sumaku inavyozalisha umeme katika waya.

Kanuni aliitamka kwa Kiingereza, kama anavyofundishwa. Nilipomtaka anieleze kwa Kiswahili, yakajitokeza makosa matatu, ambayo waalimu wa fizikia huyakuta kwa wanafunzi wa nchi nyingi.

Kosa la kwanza ni kudhani kwamba sumaku ikiwapo tu karibu na koili ya waya, umeme hutoka. Sivyo. Sumaku iliyotulia, hata ikiwa na nguvu namna gani, haizai kitu. Umeme husukumwa wakati ule tu nguvu ya sumaku inayopita katika koili inapobadilika. Na kadiri inavyobadilika upesi, ndivyo msukumo unavyozidi.

Hata mabingwa walijikwaa hapa. Mwaka 1825, Jean-Daniel Colladon wa Geneva aliweka kipimo chake cha umeme katika chumba cha pili ili sumaku isikisumbue. Aliingiza sumaku katika koili, kisha akatembea kwenda kutazama. Alipofika, mshale ulikuwa umekwisha kurudi mahali pake. Tarehe 29 Agosti 1831 huko London, Michael Faraday, mwana wa mhunzi, alizungushia koili mbili katika pete ya chuma. Alipounga betri kwenye koili ya kwanza, mshale uliounganishwa na ya pili ulitikisika, ukatulia. Alipoikata, ukatikisika tena. Betri ilipokuwa imetulia kazini, mshale nao ulitulia.

Nilimwuliza mpwa wangu: "Maji yakijaa kabisa mtoni, mtumbwi huchukuliwa na mkondo?" Akacheka. Kila mtoto wa delta anajua kwamba maji yakifika kilele husimama kwa muda, na mkondo hufa hali mto umejaa pomoni. Mkondo una nguvu maji yanapopanda au yanaposhuka. Wakati wa bamvua huenda kwa kasi, wakati wa maji mafu huzorota. Basi sumaku na waya ni hivyo hivyo. Usiulize nguvu ya sumaku ni nyingi kiasi gani. Uliza inabadilika upesi kiasi gani. Alinyamaza kitambo, kisha akalichukua daftari lake.

Kosa la pili nililiona kwa macho kijijini. Kijana mmoja alitaka kuwasha televisheni kwa betri ya sola ya volti 12. Alichukua transfoma kuukuu, akaiunga na betri, akitumaini volti zitapanda. Transfoma ikapata moto, ikatoa moshi, na televisheni haikuwaka. Umeme wa betri hutiririka upande mmoja bila kubadilika. Kwa hiyo nguvu ya sumaku katika transfoma nayo hutulia, na koili ya pili haipati kitu ila ule mshtuko wa kuunga na kukata. Inveta hufaulu kwa kuwa huugeuzageuza umeme huo kwanza.

Kosa la tatu ni kudhani umeme wa sumaku ni wa bure. Mpwa wangu aliuliza kwa nini dinamo isizungushe mota, na mota ikaizungusha dinamo, milele. Tulipindua baiskeli yenye dinamo, tukalizungusha gurudumu na kuliachia. Taa ilipoungwa, gurudumu lilisimama mapema kuliko taa ilipokatwa. Hiyo ndiyo sheria aliyoieleza Heinrich Lenz mwaka 1834: umeme unaozalishwa hupinga badiliko lililouzaa. Lazima pawe na anayelipa kwa jasho. Huku Rufiji anayelipa ni mto. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, na wa kwanza ulianza kulisha gridi ya taifa Februari 2024. Tunapowasha taa na mashine nyingi Dar es Salaam, mitambo huwa mizito kuzunguka, na maji zaidi hayana budi kufunguliwa.

Ndugu mzazi, huhitaji kuwa mwalimu wa fizikia ili kumsaidia mwanao. Mwambie akueleze somo kwa lugha anayoiwazia, kisha umsikilize mpaka mwisho bila ya kumkaripia. Palipo na kombo patajionyesha.

Mtihani wa taifa bado haujafika, nami siwezi kutabiri matokeo. Lakini juzi binti alinipigia simu. "Shikamoo mjomba. Maji yakijaa mkondo huenda juu, yakipwa hurudi chini. Je, sumaku ikizunguka, umeme nao hugeuka?" Nikamjibu kwamba ndivyo, na kwamba umeme wa gridi yetu huenda na kurudi mara 50 kwa kila sekunde. Swali hilo hakulikuta kitabuni. Amelitoa mtoni kwao.