KULA KWANZA



Mwaka jana nilienda Kisumu kwa mkutano wa wachungaji. Jioni moja nikaingia hoteli ndogo karibu na ziwa, nikaagiza ngege mzima na ugali. Sisi wa Garbatulla tumezoea mbuzi na maziwa ya ngamia. Samaki anayekuangalia kutoka kwa sahani ni mambo mengine!

Lakini moyo wangu haukuwa mezani. Kuna ndugu wa kanisa niliyekosana naye, na nilikuwa kwa simu nikimwandikia maneno makali. Mama mwenye hoteli akaniambia, "Baba, kula kwanza. Ugali ukipoa hauna raha."

Nikaweka simu chini, nikanawa, nikala kwa mkono mpaka ikabaki mifupa. Niliposoma tena ule ujumbe niliona aibu. Nikaufuta.

Usiku nikafungua Yohana 21. Petro alikuwa amemkana Bwana mara tatu. Lakini pale ufuoni Yesu hakuanza na makosa yake. Aliwaandalia moto wa makaa, samaki na mkate, akawaita wale. Walipomaliza kula, ndipo akamuuliza Petro habari ya upendo.

Niliporudi nyumbani nilimwalika yule ndugu. Tulikula kwanza, tukaongea baadaye. Hatujamaliza yote, lakini Jumapili iliyofuata alikuja ibadani.

Mpendwa, ni nani unayemwandikia ujumbe mkali leo? Ufute. Mwalike mezani.

Amina.