Alama za Mkono wa Mama

Katika nyumba nyingi za Pwani, cherehani ya mkono imekaa juu ya kabati, imefunikwa leso, na hapana aliyeigusa tangu mwenyewe kufariki. Warithi hawana haja nayo, wala hawana moyo wa kuitupa. Mwishowe huja mnunuzi wa vyuma chakavu, akaipima kwa kilo.

Sisi tu wanawake sita wa Mombasa tunaozipenda cherehani hizo kuukuu. Kila Jumamosi baada ya Alasiri hukutana barazani tukazifufua. Nyingi tunazoletewa ni za Singer, kampuni iliyoasisiwa Marekani mwaka 1851 na iliyokuwa na kiwanda kikubwa Clydebank, Scotland, hadi kilipofungwa mwaka 1980. Nambari iliyopigwa chapa mwilini mwa cherehani humwezesha mjuzi kutambua kiwanda na mwaka wake.

Cherehani iliyokwama si lazima iwe imevunjika. Mara nyingi mafuta ya zamani yamekauka yakawa kama gundi, hasa ikiwa ilitiwa mafuta ya kupikia. Huitia matone ya mafuta ya taa viungoni, mbali na moto, tukaiacha siku mbili tatu, kisha tukalizungusha gurudumu taratibu bila kulilazimisha. Hufungua kibati cha chini ya sindano, tukaondoa vumbi la nyuzi lililoshindiliwa baina ya meno, tukapangusa, ndipo tukatia mafuta mepesi ya cherehani.

Jambo lililotugawa ni rangi. Baadhi yetu walitaka kila cherehani ipakwe nyeusi mpya na nakshi za dhahabu zibandikwe upya. Wengine walikataa. Hoja ilikatwa siku tulipoletewa cherehani ya marehemu mama wa mwenzetu, aliyefiwa na mume akalea watoto watano kwa kushona mabuibui na sare za madrasa. Dhahabu ilikuwa imefutika mahali pamoja tu: kwenye kitako, mbele ya sindano, pale kiganja chake kilipokuwa kikiongoza kitambaa miaka yote ile. Binti yake akaweka mkono wake pale, nao ukaenea.

"Hapa msipake kitu," akasema.

Tangu hapo rangi mpya hatuipaki. Twasafisha kwa kitambaa laini na mafuta ya cherehani. Spiriti hatuigusishi, kwani huyeyusha vanishi ya zamani na kuondoka na nakshi. Kutu twaiondoa, maana hula chombo. Alama za kazi twaziacha, maana wengi wa mama zetu hawakuacha maandishi wala picha, na hizo ndizo khabari zao zilizosalia.

Cherehani ile haikurudi kabatini. Mjukuu wa marehemu ajifunzia kupinda mapindo ya leso, na tayari nyanya mmoja wa mtaani amemletea kanzu ya kurekebisha. Mkono wake ungali mdogo. Kile kipara cha dhahabu haujakijaza bado.