Siku za Shwari

Mimi ni mwalimu wa jiografia, na nilizaliwa bara, mahali ambapo bahari huonekana katika ramani tu. Nilipohitimu chuo cha ualimu nilipelekwa kufundisha katika shule moja ya pwani ya Kwale. Kwa muda mrefu niliitazama bahari kama mgeni atazamavyo mapambo ya nyumba ya watu: nilisifu, nikapita.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja mvuvi, jirani wa shule, ambaye kiwanja chake chapakana na ufuo. Jioni moja, mwishoni mwa mwaka wa 2022, nilimwamkia, naye baada ya kuniitikia akanionyesha mnazi uliosimama ukingoni, mizizi yake nusu nje.

"Mwalimu," akasema, "nilipokuwa kijana mnazi ule ulikuwa katikati ya kiwanja. Sasa mwanangu ataka kujenga nyumba ya mawe huku mbele, apate upepo wa bahari. Nyinyi mliosoma mwatuambiaje? Bahari yaja, ama yaenda na kurudi?"

Nilifungua kinywa nikajikuta sina neno. Nilikuwa nimefundisha habari za mawimbi na mmomonyoko kwa miaka kadhaa, na mtihani wake naujua. Lakini ufuo uliokuwa hatua mia mbili kutoka darasani kwangu sikuujua. Nilimwomba mzee anipe muda, nikaenda zangu nimeinamisha kichwa.

Mwezi wa Januari 2023 nikakusanya wanafunzi kumi na wawili, tukaanza kupima. Msomaji asidhani kwamba tulikuwa na mitambo ya fedha nyingi. Tulikuwa na kipimamvua, kipimajoto, dira, na barometa kuukuu niliyoinunua kwa mshahara wangu. Kila siku ya shule, saa tatu asubuhi, mwanafunzi mmoja alisoma mvua, joto, mgandamizo wa hewa, na mahali upepo unakotoka. Nguvu ya upepo tuliipima kwa macho, kwa kutumia vipimo vilivyopangwa mwaka 1805 na Francis Beaufort, ofisa wa jeshi la majini la Uingereza. Katika vipimo hivyo 0 ni shwari tupu, moshi ukipanda wima, na 12 ni kimbunga. Makuti ya minazi na povu la mawimbi yalitutosha kuwa mashahidi.

Ufuo wenyewe tuliupima kwa njia iliyoelezwa mwaka 1961 na K. O. Emery, mtaalamu wa Marekani. Huhitaji ila vijiti viwili vilivyo sawa, vyenye alama za sentimita, na kamba ya kuvitenganisha kwa umbali ule ule daima. Kijiti cha kwanza husimamishwa penye alama ya kudumu, nasi tuliichagua nguzo ya saruji ya ua wa mzee. Cha pili husimamishwa mbele yake kuelekea baharini. Mpimaji husimama nyuma, akalinganisha ncha ya kijiti cha mbele na mstari ule wa mbali ambapo bahari na mbingu hukutana. Mahali mstari huo unapokata kijiti cha nyuma, kuhesabu kutoka ncha yake kwenda chini, ndicho kiasi ambacho mchanga umeteremka. Kisha vijiti husogezwa, na hesabu huendelea hatua kwa hatua mpaka penye maji. Mwishowe hupatikana picha ya mteremko wote wa ufuo, kama kwamba mtu ameukata kwa kisu na kuutazama ubavuni.

Kazi hii tuliifanya mara mbili kwa mwezi, wakati wa mwandamo na wakati wa mwezi mpevu. Hizo ndizo siku za bamvua, ambapo tofauti ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani yetu hukaribia mita 4. Tena, kwa bahati njema, siku hizo maji hupwa kiasi cha saa nne asubuhi, ufuo ukabaki wazi mbele ya mpimaji kama ubao uliofutwa.

Daftari letu halikukawia kutufundisha. Kusi ilipovuma, kuanzia Aprili, mchanga wa upande wetu ulipungua, na ukingo ukawa mkali. Zilipokuja tanga mbili, pepo zikiwa hazina msimamo, ufuo ulitulia. Kaskazi ilipoingia mwishoni mwa mwaka, mchanga ulianza kurudi. Hivyo tulifahamu kwamba ufuo si kitu kilichosimama, bali ni kama ghala: kuna msimu wa kutoa na msimu wa kuweka. Mtu akilitazama ghala siku moja tu, hawezi kujua kama mwenyewe anatajirika au anafilisika.

Lakini lazima nikiri kwamba kazi ya namna hii haina shangwe. Wiki baada ya wiki nambari hufanana. Mtoto huenda na vijiti, akarudi na nambari zile zile za mara iliyopita au zilizopungua kidogo, akauliza, "Mwalimu, hii nayo ya nini?" Nilikuwa nikimjibu kwa maneno mazuri, kumbe maneno yale hayajaingia moyoni mwangu mwenyewe.

Ikafika Aprili 2024. Kipimo chetu cha mwisho kilikuwa cha mwezi mpevu wa tarehe 25 Machi. Mwandamo wa tarehe 8 Aprili ulinikuta na rundo la mitihani ya kusahihisha, nikajiambia, "Ufuo hautakimbia." Siku chache baadaye shule zikafungwa. Vijiti nikavifungia katika stoo, ufunguo nikautia mfukoni, nikaenda kwetu bara. Mwezi mpevu wa tarehe 24 Aprili ukapita mimi sipo. Nilitarajia kurudi mwisho wa mwezi, lakini mvua za mwaka ule zilileta mafuriko makubwa nchini, na kufunguliwa kwa shule kukaahirishwa mpaka tarehe 13 Mei.

Katika siku hizo ndipo kikaja Kimbunga Hidaya. Vimbunga ni wageni adimu katika pwani yetu, kwa kuwa karibu na ikweta nguvu ya mzunguko wa dunia iwezayo kuupinda upepo ukawa duara ni dhaifu. Kila uelekeapo kusini, hatari huzidi. Mwaka 1872 kimbunga kiliipiga Unguja na kuharibu mikarafuu kwa wingi. Na Aprili 1952 kingine kiliipiga Lindi. Hidaya kilifika kisiwani Mafia tarehe 4 Mei 2024, mamia ya kilomita kusini mwetu. Lakini kimbunga hakina haja ya kukufikia ili kukuumiza, kwa maana mawimbi yake husafiri mbali kuliko upepo wake. Na pale kinapopita, bahari yenyewe huinuka: mgandamizo wa hewa unapopungua kwa hektopaskali 1, maji huinuka kwa sentimita 1 hivi, mbali na yale yanayosukumwa na upepo.

Niliporudi, Jumamosi tarehe 11 Mei, nilikwenda ufuoni kabla sijafungua mizigo. Ukingo wa mchanga ulikuwa umekatwa wima, umefika gotini kwangu, na mvinje mmoja ulilala kifudifudi. Tulipima siku ile ile. Tulipolinganisha na kipimo cha Machi tukaona hasara kubwa. Jioni mzee alikuja kuuliza, na safari hii swali lake halikuwa la mazungumzo. Mwanawe alikuwa amepata fedha. Alitaka kujua: mchanga huu umeliwa na kimbunga, au umekuwa ukiliwa kidogo kidogo tangu zamani? Ikiwa ni kimbunga, basi ni balaa la nadra, na nyumba yaweza kujengwa. Ikiwa ni desturi ya bahari, kujenga pale ni kuzika mali.

Jibu lilitakiwa liwe katika mistari mitatu ya daftari: tarehe 8 Aprili, tarehe 24 Aprili, na tarehe 8 Mei. Yote mitatu ilikuwa mitupu. Kati ya Machi na Mei kusi ilikuwa imeanza, mvua zilikuwa zimenyesha, na kimbunga kilikuwa kimepita. Nani kati yao alichukua nini, hapana aliyeweza kusema.

Sasa nasimulia jambo ambalo ningependa kulificha. Usiku ule niliketi na kalamu, nikaijaza ile mistari. Ya Aprili niliiandika karibu sawa na ya Machi, kwa kuwa niliamini, au nilitaka kuamini, kwamba kabla ya kimbunga ufuo ulikuwa salama. Ya Mei niliiandika karibu sawa na ile tuliyopima tarehe 11. Daftari likapendeza. Kesho yake nilimwambia mzee, kwa sauti ya mtaalamu, kwamba kimbunga ndicho kilichokula ufuo. Akanishukuru sana. Kabla ya wiki kwisha, gari la kwanza la mawe likateremsha shehena kiwanjani.

Mtunza daftari wetu alikuwa msichana wa kidato cha pili, mpole, asiye na maneno mengi. Siku moja alibaki darasani wenzake walipotoka.

"Mwalimu, samahani," akasema. "Tarehe 24 Aprili vijiti vilikuwa wapi?"

"Vilikuwa stoo," nikamjibu.

"Na ufunguo?"

Sikujibu. Aliyatazama mambo mawili, daftari na uso wangu, kisha akaliweka daftari juu ya meza taratibu, akatoka. Hakunisema kwa mtu. Lakini nakwambia, msomaji, kiboko cha mwalimu wangu wa zamani hakikuniuma kama ukimya wa mtoto yule.

Siku iliyofuata nilisimama mbele ya wanafunzi wangu kumi na wawili, nikapiga mstari mwekundu juu ya nambari zile za uongo, na pembeni nikaandika neno HAIKUPIMWA. Nikawaeleza nilivyofanya. Kisha nikaenda kwa mzee, mwendo ule wa hatua mia mbili nikiuona mrefu kuliko safari ya kwetu.

"Mzee, nilikudanganya," nikamwambia. "Ukweli ni kwamba sijui. Ningalipima mwezi wa Aprili ningalijua, lakini sikupima."

Alinyamaza kitambo akiyatazama mawe yake. Nilikuwa tayari kupokea ghadhabu, na nilistahili.

"Mawe hayaozi," akasema hatimaye. "Yakae. Wewe kapime."

Tukapima. Mwaka mzima hatukukosa bamvua hata moja, na siku za likizo ufunguo ulikaa kwa yule msichana. Nilirudi pia katika kalenda ya mwezi nikagundua jambo lililonitia baridi. Kimbunga kilifika tarehe 4 Mei, siku chache tu baada ya robo ya mwisho ya mwezi, karibu na siku za maji mafu, ambapo bahari haijai sana na mwamba wa matumbawe ulio mbele yetu huyavunja mawimbi mengi kabla hayajafika mchangani. Kingalikawia siku tano kingalikutana na bamvua ya mwandamo wa tarehe 8, na mawimbi yangalipita juu ya mwamba yakiwa na nguvu zaidi. Yale tuliyoyaona, basi, hayakuwa makali ya bahari. Yalikuwa huruma yake. Nami nilikuwa nimemshauri mtu ajenge kwa kuitegemea huruma ile.

Kaskazi ya mwisho wa mwaka wa 2024 ilirudisha mchanga kama kawaida yake, lakini ulipokoma kurudi haukuwa umefika alama ya mwaka uliotangulia. Nilimpelekea mzee daftari, nikamwonyesha mistari iliyojaa na ile iliyoachwa wazi, nikamwambia kwamba mwaka mmoja si ushahidi wa kutosha kuihukumu bahari. Alilitazama kwa makini, ingawa kusoma hakusomi sana. Mwanawe akajenga nyuma, upande wa barabara. Wengine walimshauri ajenge ukuta ufuoni. Yeye alikataa, kwa kuwa aliona kwingine jinsi wimbi lipigapo ukuta hurudi na kuchimba mchanga wa chini yake, na hasara ikamhamia jirani.

Nimeyaandika haya kwa ajili yenu vijana, kwa sababu wengi hudhani kwamba anayetaka kujua madhara ya tufani lazima awe shujaa wa kusimama ndani ya tufani. La. Tufani hujitangaza yenyewe, na kila mtu huikumbuka. Kinachosahauliwa ni namna mambo yalivyokuwa kabla yake, na hapo ndipo maarifa yote yanapokaa. Huko Kilindini kipimo cha kujaa na kupwa kwa maji kimekuwa kikifanya kazi tangu 1986, na thamani yake kubwa imo katika maelfu ya siku ambazo hakuna lililotokea. Ni kwa kumbukumbu za namna hiyo, zilizokusanywa katika bandari nyingi, wataalamu wameweza kusema kwamba bahari za dunia zimeinuka kwa kadiri ya sentimita 20 tangu mwanzo wa karne ya 20.

Daftari letu lipo bado. Mgeni akilifungua, macho yake huenda kwanza kwenye ile mistari mitatu yenye wino mwekundu, akaniuliza kwa nini sikuing'oa karatasi. Namjibu kwamba ukurasa ule ndio niuaminio kuliko yote, kwa kuwa ndio unaonifanya niziamini kurasa zilizobaki. Kisha namwomba radhi, kwa maana saa tatu imefika. Upepo ni mwanana, mbingu nyeupe, hapana habari yoyote, nasi tunakwenda kupima.