Vidole Vinne na Vitufe Vitano

Hakuna kazi ya mikono isiyo na mahali pake pagumu. Msusi wa mkeka hutaabika apindapo pembe. Seremala hutaabika aunganishapo mbao mbili bila msumari. Mpiga ala hutaabika sauti nyingi zinapomjia katika muda mfupi. Kwingine kote katika kazi hizo mkono uliozoea hupita peke yake, lakini mahali pale haupiti usipoongozwa na akili. Nataka kunena habari za mahali pagumu pa namna hiyo katika jambo ambalo watu wazima wengi hulidharau, nalo ni mchezo wa gitaa unaochezwa mbele ya televisheni.

Mchezo huu si wa jana. Huko Japani, kampuni ya Konami ilitoa mwaka 1999 mchezo wa GuitarFreaks, ambao gitaa lake lilikuwa na vitufe vitatu. Mwaka 2005 ukatoka Marekani mchezo wa Guitar Hero, uliotengenezwa na kampuni ya Harmonix. Gitaa lake la plastiki lina vitufe vitano shingoni: cha kijani, chekundu, cha manjano, cha buluu na cha rangi ya machungwa. Mahali pa nyuzi pamewekwa kibao chembamba kinachopigwa juu na chini kwa kidole gumba. Katika televisheni huonekana njia iliyochorwa mfano wa shingo ya gitaa, na juu yake noti za rangi zile zile humjia mchezaji mfululizo kama siafu. Noti ifikapo kwenye mstari wa mwisho, mkono wa kushoto hauna budi kuwa umekwisha kushika kitufe cha rangi yake, na mkono wa kulia hauna budi kukipiga kibao wakati ule ule. Mchezaji akiwahi, gitaa husikika. Akikosa, gitaa hunyamaza na wimbo huendelea bila yeye.

Mimi niliujua mchezo huu kwa sababu ya shauri. Katika likizo ya Desemba mwaka 2019, dada yangu akaaye Nakuru aliniita niamue baina yake na mwanawe. Binamu yetu mmoja, aliyerudi kutoka Marekani, alikuwa amemwachia kijana yule PlayStation 2 kuukuu pamoja na gitaa lake. Kijana alikuwa amemaliza kidato cha pili, na ilimlazimu kuchagua masomo ya kuendelea nayo. Alitaka kuiacha Fizikia. "Ile si ya watu kama mimi," ndivyo alivyomwambia mama yake. Mama aliamini kuwa gitaa la plastiki ndilo lililoila akili ya mwanawe, akataka lifungiwe sandukuni. "Wewe ni mwalimu," akaniambia, "sema neno moja tu, nami nitalifuata."

Neno moja la mwalimu laweza kufunga mlango ambao mtoto hataufungua tena maishani mwake. Kwa hiyo niliomba siku nne. Sikupenda kukihukumu kitu nisichokijua, nikamwomba mpwa wangu anifundishe. Mjomba akawa mwanafunzi, na mpwa akawa mwalimu.

Mchezo una madaraja manne. Katika daraja la kwanza hutumika vitufe vitatu. Katika la pili, vinne. Katika mawili ya juu, vyote vitano. Hapo ndipo penye fumbo, maana kidole gumba huishika shingo kwa nyuma, na vidole vinavyobaki ni vinne. Kidole cha shahada kikikaa juu ya kijani, kidole cha mwisho hufika buluu. Mkono ukisogea hatua moja, cha shahada hukaa juu ya chekundu na cha mwisho hufika kitufe cha machungwa. Mkono ulioganda mahali pamoja daima una kitufe kimoja usichokifikia. Haina budi ujifunze kuhama, na kuhama kwenyewe kutangulie noti. "Usiiangalie iliyofika, Mjomba," mpwa wangu alinionya, "hiyo imekwisha pita. Angalia zinazokuja, mkono uhame kabla ya kuitwa."

Fundisho la pili lilikuwa la kupunguza kazi. Noti inapokuwa moja, mchezo hukitazama kitufe cha mbele kabisa kilichoshikwa, wala haujali vile vya nyuma yake upande wa kijani. Zikija chekundu, buluu, chekundu, buluu kwa kasi, mtu ainuaye kila kidole na kukirudisha hufanya kazi maradufu. Mwenye kujua hukiacha kidole cha shahada juu ya chekundu muda wote, akagusa buluu kwa kidole kingine na kukiachia. Lakini noti mbili zikija sambamba ruhusa hiyo huondoka; hapo huna budi kushika zile zile zilizotakiwa, bila ya nyongeza.

Fundisho la tatu lilihusu mkono wa kulia. Apigaye kibao kwa kushuka tu hupoteza nusu ya safari zake, maana kila mara kidole hurudi juu bure. Apigaye kwa kushuka na kupanda hupata noti mbili kwa mwendo ule ule. Tena ziko noti, zenye alama ing'aayo kichwani, ambazo hazihitaji kupigwa kabisa: ukiisha kuipata ya kwanza, zinazofuata hutoka kwa kugusa na kuachia vitufe tu. Katika vipande vya namna hiyo mkono wa kulia huwa huru, na wachezaji hodari huuleta shingoni kuusaidia wa kushoto. Kidole kimoja hakivunji chawa, na mara nyingine hata mkono mmoja haumvunji.

Fundisho la nne lilikuwa la ulaini. Kitu cha kwanza kunichosha hakikuwa macho bali kiganja, kwa kuwa hofu hukaza vidole. Kitufe kikiguswa kidogo hutii sawasawa na kikibonyezwa kwa nguvu zote. Mpwa wangu alizoea kuliweka gitaa chini kila aliposikia maumivu ya kifundo cha mkono, akanyosha vidole, akanywa maji, ndipo akarudi.

Hata chombo chenyewe kina hila yake. Televisheni nyingi bapa za siku hizi huchelewesha picha kwa kitambo kidogo sana, na kitambo hicho chatosha kumfanya mchezaji mwaminifu aonekane mzembe. Ndiyo maana baadhi ya michezo hii ina mahali pa kurekebisha tofauti ya picha na mpigo. Mtu asijilaumu kabla hajakipima chombo chake.

Lakini mafundisho haya yote ni watumishi. Bwana wao ni lile nililoliona usiku wa tatu. Mwaka 2007 ilitoka Guitar Hero III, na ndani yake umo wimbo wa kundi la DragonForce la London uitwao Through the Fire and Flames. Wimbo huo hudumu zaidi ya dakika saba, na katika daraja la mabingwa una noti zaidi ya 3,700. Mwanzo wake tu, kabla mwimbaji hajafungua kinywa, humiminika noti za kugusa na kuachia kwa kasi ambayo jicho geni haliwezi kuzitenga. Wengi walioujaribu waliangushwa hapo hapo mlangoni.

Mpwa wangu alikuwa ameangushwa mara nyingi. Hata hivyo hakuupiga wimbo mzima tena na tena kwa hasira. Alikwenda katika chumba cha mazoezi cha mchezo, ambamo wimbo umekatwa vipande, na kila kipande chaweza kuchezwa kwa mwendo wake wa kawaida au kwa mwendo wa polepole wa ngazi tatu. Akachukua kipande kile cha mwanzo peke yake, akakiweka katika mwendo wa polepole kuliko wote. Noti zilizokuwa mvua ya mawe zikawa matone, na kila tone likaonekana lina nafasi yake. Alipokimudu mara kadhaa bila kosa, alipanda ngazi moja. Alipokosea, alishuka. Nilihesabu usiku ule: alikirudia mara 37. Hakununa, hakutukana, wala hakusema kuwa wimbo ule si wa watu kama yeye.

Yako mashaka mengine aliyoyapanga mapema. Mchezo humpa mchezaji nguvu ya akiba anapovipata vipande fulani bila kosa, na nguvu hiyo huitwa kwa kuinua shingo ya gitaa. Ikiisha kuitwa, alama huhesabiwa maradufu, na sindano ionyeshayo salama ya mchezaji hupanda upesi zaidi. Mchezaji mpumbavu huitumia mahali pepesi apate sifa. Mpwa wangu aliiweka kwa ajili ya mahali alipojua kuwa ataumia. Hiyo ni busara ya mkulima awekaye mbegu, asile zote wakati wa mavuno.

Nilimwuliza, "Mbona hukusema kuwa wimbo huu umekushinda, ukauacha kama unavyotaka kuiacha Fizikia?"

Alicheka kidogo, kisha akanyamaza, kisha akajibu: "Huu naweza kuupunguza mwendo, Mjomba. Darasani mwendo haupungui. Tena hapa nikikosea hakuna anayecheka."

Maneno hayo yalinikaa. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kumtoa mwanafunzi katika jepesi na kumpeleka katika zito, kumtoa katika alijualo na kumpeleka katika asilolijua. Ni kanuni njema, lakini sikuwahi kuisikia ikielezwa waziwazi hivyo na mtoto wa miaka kumi na sita. Hakuikimbia Fizikia kwa ugumu wake. Aliikimbia kwa sababu hakupewa ruhusa ya kuwa mpole nayo, wala mahali pa kukosea kwa heshima.

Asubuhi tulifungua kitabu chake katika swali la ubao uliosawazishwa juu ya egemeo. Tulilikata vipande kama wimbo. Kwanza alichora ubao, basi. Kisha akaandika uzito uliokuwa kila upande, basi. Kisha umbali wa kila uzito kutoka kwenye egemeo. Mwisho akazidisha uzito kwa umbali upande huu, akatafuta umbali ambao ungeleta jumla ile ile upande wa pili. Alikosea mara mbili, akarudi ngazi moja, akapata. Hakuna aliyecheka.

Siwadanganyi vijana kwamba mchezo ni sawa na ala yenyewe. Baba yangu mdogo, apigaye gitaa kwa mtindo wa omutibo wa Magharibi ya Kenya, alifika kwa Krismasi akatukuta. Aliligeuzageuza lile la plastiki akauliza, "Umeme ukikatika, hili litasema nini?" Kisha akampa kijana gitaa lake. Nyuzi zilimuuma vidole, na rangi tano hazikumwonyesha sauti ilipolala. Alianza upya kama mtu asiyepata kushika chochote. Lakini baba mdogo alipomwonyesha kipande kifupi cha kidole gumba na cha shahada, kijana alisema neno moja lililomfurahisha mzee: "Baba, rudia polepole." Vitufe havikumfundisha gitaa, ila vilimfundisha namna ya kuomba kufundishwa.

Siku ya nne nilimpa dada yangu neno langu. Gitaa lisifungiwe; lipigwe kwa nusu saa, kazi ya shule ikiisha. Na Fizikia isiachwe kabla haijajaribiwa kwa muhula mmoja kwa mwendo wa polepole. Dada yangu hakuridhika sana, maana alitaka neno moja nami nilimpa mawili; lakini alikubali. Kijana hakuwa wa kwanza katika somo lile, wala hakuna aliyemtarajia kuwa. Aliendelea nalo hadi mtihani wa kidato cha nne mwaka 2022, akafaulu kwa kiasi chake. Kipande kile cha mwanzo wa wimbo alikipita mapema zaidi, siku ambayo mimi sikuwapo. Alinipigia simu saa tano za usiku kunieleza, nami sikumgombeza kwa kuniamsha.

Hasara ya mchezo naijua: mtu aweza kuumwagia miaka na asibakiwe na kitu ila alama zilizoandikwa kiooni. Muda ni mali, na mchezo usiowekewa mpaka ni mwizi. Lakini juhudi iliyofunzwa mahali pamoja yaweza kuajiriwa mahali pengine, kama mwenyewe akitambua ni nini hasa alichojifunza. Asiyetambua huiacha juhudi yake pale pale kitini pamoja na gitaa.

Basi wewe usomaye, pakikushinda mahali katika hesabu, katika lugha, au katika ala, usiseme upesi kuwa jambo zima limekushinda. Patafute hapo pagumu hasa na upapime urefu. Aghalabu utaona ni pafupi, pana urefu wa mstari mmoja au wa pumzi mbili, na kwamba kwingine kote ulikuwa ukipita salama. Pakate, upapunguzie mwendo, upapitie bila kuona haya. Bandu bandu huisha gogo. Na ukimwona mwenzako anapitia mahali pake pagumu kwa mwendo wa kobe, usimcheke, kwa maana kicheko chako chaweza kuwa ndicho kitu cha pekee kinachomzuia kufika.