Mlango wa Banda la Gari na Mikono Itakayoufungua

Mjini Kampala mtu akitaja gereji, wasikilizaji hufikiri mara moja juu ya mafundi, mafuta machafu na magari yaliyofunguliwa mashine. Mahali pa kulaza gari nyumbani ni jambo jingine. Banda la gari ndilo lenye mlango mkubwa kuliko yote ya nyumba, na huo ndio mlango unaochaguliwa kwa pupa kuliko yote, aghalabu fedha zikiwa zimekwisha kuliwa na paa na sakafu.

Sajini mmoja wa polisi, aliyekaa miaka mingi katika nyumba za kambi ya Nsambya, alijenga nyumba yake upande wa Kira kwa ajili ya siku za kustaafu. Ulipofika wakati wa milango, alikwenda Katwe pamoja na mkewe. Katwe, kando ya barabara ya Entebbe, inajulikana kwa mafundi wake wa vyuma. Milango husimamishwa karibu na njia, mingine imepambwa kwa maua ya chuma, mingine kwa ncha kama za mikuki.

Sajini aliitazama kwa jicho la kazi yake. Alitaka bati nene, makomeo matatu, na chuma ambacho mwizi angekigonga hadi alfajiri asifue dafu. Mkewe hakubishana naye. Alishika bawa moja la mlango mzito, akalisukuma kwa mikono miwili, nalo likasogea kidogo tu.

"Baba," akasema kwa upole, "wewe ukiwa zamu ya usiku, mlango huu utafungwa na nani?"

Swali hilo lingefaa kuulizwa katika kila nyumba, na hasa katika nyumba za askari. Mume huchagua mlango akimfikiria mwizi, ambaye huenda asije kamwe. Mlango wenyewe hufunguliwa na kufungwa kila siku na mama, na mtoto atokaye shule, na bibi aliyekuja kuwatembelea wajukuu. Mwenye nguvu za kuusukuma yuko lindoni, au amepelekwa mbali kikazi kwa miezi mingi.

Uzito wa mlango waweza kujulikana kabla ya kulipa hata shilingi moja. Bati la chuma lenye unene wa milimita 1 lina uzito wa kilo 8 hivi kwa kila mita moja ya mraba. Mafundi huhesabu unene kwa geji, na kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo bati linavyokuwa jembamba: geji 16 ni kama milimita 1.6, na geji 18 ni kama milimita 1.2. Mlango wenye futi 8 kwa 8 hula mabati mawili ya futi 8 kwa 4. Kwa geji 16 hayo ni kilo 76 hivi. Kwa geji 18 ni kilo 57, kabla ya kuongeza fremu na mapambo. Kila ua la chuma ni mzigo mwingine juu ya bawaba.

Namna ya kufungua nayo ina masharti yake. Mlango wa mabawa mawili ni rahisi kutengeneza, lakini Kampala ni mji wa vilima: ardhi ikipanda mbele ya banda, bawa litakwama kabla ya kufunguka. Hapo wengi huchagua mlango wa kuteleza juu ya reli. Huo hauna budi kuwa na vizuizi imara katika ncha zote mbili za reli, na vishikizo vya kuushika kwa juu. Vikikosekana, msukumo mmoja wa nguvu waweza kuutoa katika njia yake, ukamwangukia aliyeusukuma. Na mtoto hawezi kuzuia chuma cha kilo mia.

Uko pia mlango wa kupanda juu, unaosaidiwa na springi, na pengine mota ya umeme. Huko Marekani, baada ya watoto kufa kwa kubanwa chini ya milango ya namna hiyo, sheria ilitaka kwamba mota zote za milango ya nyumbani zilizotengenezwa tangu mwaka 1993 ziwe na kifaa cha kuurudisha mlango unapokuta kizuizi. Anunuaye mota, hata iliyokwisha tumika, akijaribu kifaa hicho kwa kuweka kipande cha mbao sakafuni. Ahakikishe pia kwamba mlango waweza kufunguliwa kwa mkono umeme ukikatika.

Tena yafaa kuacha matundu ya hewa chini na juu. Moshi wa gari au wa jenereta una gesi ya sumu isiyo na harufu, nayo huua kimya kimya. Lakini hata mlango wenye matundu haumpi mtu ruhusa ya kuwasha jenereta bandani.

Mwishowe sajini na mkewe walikubaliana juu ya bati la geji 18, bila maua. Fedha zilizosalia ziliingia katika kufuli zuri, bawaba zisizoweza kuchomolewa kwa nje, na vyuma vya kushikiza fremu ndani ya zege. Maana mlango dhaifu katika kufuli na bawaba haulindwi na unene wa bati. Fundi aliagizwa kusugua penye maungio na kupaka rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya mwisho, hasa upande wa chini unaorushiwa matope majira ya mvua.

Sharti la mwisho lilikuwa la mama. Malipo ya mwisho hayakutolewa mpaka mlango ulipofungwa mahali pake, akaitwa binti yao wa miaka kumi, akaufungua na kuufunga peke yake mara tatu.